Kabla Hujatuma Mswada Wako

Matangazo ya redioni yenye zawadi ndani yake humalizika kwa sauti inayokwenda mbio: vigezo na masharti kuzingatiwa. Tumeizoea sauti hiyo kiasi kwamba hatuisikii tena, na mazoea hayo tumeyahamishia kwenye kazi zetu za sanaa. Mwandishi anaona shindano la hadithi fupi mtandaoni. Anatazama zawadi, anatazama siku ya mwisho, anahesabu maneno ya hadithi yake, anatuma. Ukurasa wa masharti, ambao ndio mkataba wenyewe, anaupita kwa kuweka tiki kwenye kisanduku. Nimeshughulika na miswada ya watu kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na sijaona ukurasa unaostahili kusomwa kwa utulivu kuliko huo.

Mimi nilijifunza kuusoma katika ofisi ya mchapishaji mmoja Dar es Salaam, nilikoanza kama mpiga taipu kabla ya kuwa mhariri. Mikataba yetu ilikuwa ya Kiingereza, imerithiwa karibu neno kwa neno kutoka kwa wachapishaji wa Uingereza. Waandishi wengi waliokuja kutia saini walikuwa walimu wa shule za msingi, masheikh na makarani wastaafu, watu wenye Kiswahili kipana ambao hawakuwahi kukutana na Kiingereza cha mawakili. Mhariri mkuu alikuwa na utaratibu wake. Hakumpa mtu kalamu mpaka mkataba usomwe kwa sauti, kwa Kiswahili, kifungu baada ya kifungu, na msomaji nilikuwa mimi. "Soma polepole," alikuwa akiniambia, "na akikuuliza jambo, mjibu yeye. Usinitazame mimi."

Siku moja alikuja malenga kutoka Tanga, mzee wa kanzu na kofia ya viua, mswada wake wa tenzi umeandikwa kwa mkono kwenye madaftari ya shule. Tulipofika kwenye kifungu kilichosema kwamba mtunzi anampa mchapishaji haki ya kitabu, pamoja na redio, filamu, kanda za sauti na tafsiri katika lugha zote, akaninyooshea kiganja ili ninyamaze.

"Mwanangu, hapa mnayo redio?"

"Hatuna, mzee."

"Filamu mnatengeneza?"

"Hatutengenezi."

"Wafasiri je?"

"Hawapo."

"Basi hivyo vyote mnavitakia nini?"

Mhariri mkuu hakutoa hoja. Alichukua kalamu, akapiga mstari juu ya maneno hayo, akaweka saini fupi pembeni, kisha akamsogezea mzee naye aweke yake. Kitabu kikawa chetu kukichapisha, sauti ikabaki kwa mwenyewe. Baadaye kituo kimoja cha redio kilipotaka tenzi zile zighaniwe hewani, kilimfuata malenga nyumbani kwake Tanga, wakaelewana bila sisi kuwa katikati, na malipo yakaingia mfukoni mwake. Swali lake limekuwa kipimo changu kwa kila kipengele cha haki kinachopita mbele ya macho yangu. Anayeiomba haki hii, ataitumia kwa kazi gani?

Leo mwandishi yuko peke yake na simu yake, na mkataba umekuja kwa herufi ndogo chini ya kitufe cha kutuma. Hakuna wa kumsomea. Kwa hiyo afahamu kwanza kwamba kazi ni yake tangu inapoandikwa. Mkataba wa Berne, ulioanzia mwaka 1886 na ambao Tanzania na Kenya ni wanachama wake, unasema kwamba hakimiliki haisubiri usajili wala muhuri wa ofisi yoyote. Tanzania Bara ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, Zanzibar ina yake ya mwaka 2003, Kenya ya mwaka 2001, Uganda ya mwaka 2006. Kwa Bara na kwa Kenya, ulinzi wa kazi ya fasihi unadumu maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Binti wa miaka 20 anayeandika hadithi usiku huu ameumba mali ambayo wajukuu zake wanaweza kuirithi. Hicho ndicho anachokigusa anapoweka tiki.

Njia za kumpa mtu mwingine haki juu ya mali hiyo ni mbili, na tofauti yake ni kubwa. Mwenye minazi anaweza kumkodisha mtu mavuno ya mwaka mmoja, na mwaka ukiisha minazi ikabaki yake. Anaweza pia kuuza shamba zima na hati yake. Kukodisha ndiyo leseni. Kuuza ndiyo kuhamisha haki. Katika masharti ya mtandaoni mambo haya mawili huandikwa karibu karibu, wakati mwingine katika sentensi moja ndefu, na msomaji mwenye haraka huyachukua kuwa kitu kimoja.

Hayo niliyaona waziwazi binti wa marehemu dada yangu mdogo alipoandika hadithi ya watoto kuhusu kima punju wa msitu wa Jozani. Alikuwa amefanya kazi nzuri, na nasema hivyo kama mhariri, sisemi kama mama yake mkubwa. Akaniletea tangazo la shindano: hadithi za watoto kwa Kiswahili, zawadi ya fedha, washindi kuchapishwa kwenye tovuti ya waandaaji. Tangazo lilikuwa la Kiswahili safi. Masharti yalikuwa ya Kiingereza.

"Mama mkubwa, nimeyasoma," akaniambia. "Ni yale yale ya siku zote."

Tukakaa kibarazani tukayasoma upya, kwa utaratibu ule wa ofisini kwetu, mimi nikimtafsiria kila kifungu kwa sauti. Katikati ya ukurasa wa tatu tukakikuta. Kwa kutuma kazi, mshiriki anahamisha kwa waandaaji haki zote, duniani kote, milele, katika kila chombo kilichopo na kitakachobuniwa baadaye, pamoja na haki ya kutengeneza kazi nyingine kutokana nayo. Na anakubali kutodai haki zake za kimaadili. Binti yangu akanyamaza. Nikamwambia asome tena neno la mwanzo, "mshiriki". Halikusema "mshindi". Maana yake, yule anayeshindwa naye ameshatoa hadithi yake, na hatapata hata cheti. Shindano likivutia hadithi 500, zawadi zinakwenda kwa watatu na waandaaji wanabaki na hadithi 500.

Kifungu kile cha haki za kimaadili hakikunipendeza hata kidogo. Haki hizi ndizo zinazofanya jina la mtunzi libaki kwenye kazi yake, na kumpa nguvu ya kupinga kazi hiyo kupotoshwa kwa namna ya kumvunjia heshima. Mkataba wa Berne, katika ibara ya 6bis iliyoongezwa mwaka 1928, unasema mtunzi anabaki nazo hata baada ya kuuza haki za kiuchumi. Anayekuomba uziache anakuomba ruhusa ya kuchapisha hadithi ya kima wako bila jina lako, au kumfanya kima huyo auze sabuni kwenye tangazo. Pengine hana nia hiyo. Lakini miaka 10 ikipita, nia ya mtu haipo tena ofisini, na kilichoandikwa kipo.

Tuliwaandikia waandaaji barua pepe fupi, ya adabu, kwa Kiswahili. Tuliwaeleza kwamba binti anataka kushiriki, na tukawauliza kama kifungu kile kinaweza kuwahusu washindi tu, kiwe leseni ya kuchapisha kwenye tovuti yao kwa muda unaotajwa, na jina la mtunzi litajwe kila mara. Binti aliogopa kwamba watamwona mjeuri na kumwondoa. Jibu lilipokuja lilikuwa la heshima kabisa: fomu yao waliichukua mahali pengine, hawakuwa na mpango wa kutumia haki zote hizo, na wangerekebisha masharti kwa washiriki wote. Wakarekebisha. Hakushinda, na hadithi yake ilirudi kwake ikiwa nzima. Baadaye ilitoka katika kitabu cha kusomea shuleni, kwa mrabaha.

Siwezi kusema kila anayeuliza hujibiwa. Nimewahi kuandikia tovuti nyingine kwa niaba ya mwandishi mwingine na tukapokea kimya. Kimya nacho ni jibu, na kazi ile hatukuituma.

Upande wa picha naujua kupitia kijana wa mtaani kwetu, mpiga picha mwenye jicho la ajabu. Alipiga picha kwenye sherehe za Mwaka Kogwa, Makunduchi, Zanzibar, wakati wanaume wanapopigana kwa migomba: vumbi, jua, mgomba umevunjika hewani. Akaipeleka kwenye shindano la picha la kampuni moja ya utalii. Hakushinda. Msimu uliofuata picha ilikuwa kwenye vipeperushi vya kampuni nyingine kabisa, bila jina lake. Alipokwenda kulalamika alionyeshwa masharti aliyoyakubali. Kampuni ya kwanza ilipewa leseni ya bure, isiyo na mwisho, isiyoweza kufutwa, pamoja na ruhusa ya kuitoa kwa "washirika" wake. Hilo neno moja ndilo lililoipeleka picha mbali. Hakuna aliyeiba. Ndiyo maana ninapomsaidia mtu kusoma masharti, baada ya kutazama kama haki zinahamishwa au zinakodishwa, jicho langu linakwenda moja kwa moja kutafuta kama mpokeaji anaweza kumpa mtu wa tatu haki hizo.

Leseni pana ya namna hii si kila mara mtego, na nisingependa msomaji atoke hapa akiogopa kila tovuti. Mtandao wa kijamii hauwezi kuonyesha picha yako kwenye simu za watu Muscat na Minneapolis bila leseni pana: lazima unakili faili, uibadilishe ukubwa, uihifadhi kwenye mashine zilizo nchi mbalimbali. Mtandao wa Instagram ulipotangaza masharti mapya Desemba 2012 kwa maneno yaliyoonekana kuruhusu picha za watumiaji zitumike kwenye matangazo bila malipo, watu walipiga kelele, na katika siku chache maneno hayo yakaondolewa. Leseni iliyobaki ilikuwa pana bado, lakini inaeleweka kazi yake. Kipimo cha malenga wa Tanga kinafanya kazi hapa pia. Tovuti inayoonyesha picha inahitaji ruhusa ya kuonyesha. Shindano la hadithi moja lina haja gani na filamu?

Na kuna nyakati masharti ndiyo humwokoa mtunzi. Tetemeko la ardhi lilipoipiga Haiti tarehe 12 Januari 2010, mpiga picha Daniel Morel alikuwa Port-au-Prince. Alipiga picha za saa za mwanzo kabisa na kuziweka kwenye Twitter kupitia huduma ya TwitPic. Mtu mwingine akazinakili na kuzitangaza kama zake, na shirika la habari la AFP likazichukua kutoka kwa mtu huyo, likazisambaza, na wakala wa picha Getty Images akaziuza kwa vyombo vya habari. Morel alipodai haki yake, AFP walijitetea kwamba masharti ya Twitter yanaruhusu kazi zilizowekwa pale zitumiwe na wengine. Mahakama ya New York iliyasoma masharti hayo kwa makini na Januari 2013 ikaamua kwamba hayakuwapa AFP leseni ya kuzichukua na kuziuza picha hizo. Novemba mwaka huo baraza la mahakama likampa Morel fidia ya zaidi ya dola milioni 1.2. Kazi yake haikuacha kuwa yake kwa sababu tu aliiweka mahali pa wazi, na ushahidi wa hilo ulikuwa ndani ya ukurasa ule ule ambao watu hawausomi.

Hata hivyo Morel alikuwa na mawakili, na shauri lake lilisikilizwa Marekani. Mwandishi wa Kigoma hana njia hiyo. Masharti ya mitandao mingi mikubwa huelekeza mashauri yapelekwe kwenye mahakama za California. Sheria ya Kenya inataka uhamishaji wa hakimiliki na leseni ya kipekee viwe kwa maandishi yaliyotiwa saini, na wakili angeweza kubishana kama tiki ya kwenye simu ni saini. Nani atalipa nauli na ada za ubishi huo kwa ajili ya hadithi ya kurasa sita? Kwa mtu wa kipato chetu, ulinzi ulio karibu ni kusoma kabla ya kutuma.

Wanaoniuliza madhara ya kuhamisha haki zote huwa nawasimulia habari ya Solomon Linda. Alikuwa Mzulu, mwimbaji, aliyerekodi "Mbube" Johannesburg mwaka 1939 pamoja na kundi lake la Evening Birds. Mwaka 1952 alihamisha haki za wimbo huo kwa kampuni iliyomrekodi, kwa shilingi 10. Wimbo ukavuka bahari, mwaka 1961 ukawa "The Lion Sleeps Tonight" huko Marekani, na mwaka 1994 ukasikika katika filamu ya The Lion King. Linda alikuwa amefariki mwaka 1962, maskini. Binti zake waliponyanyua shauri mwaka 2004, kilichowapa mguu wa kusimamia ni sheria ya zamani ya Uingereza ya mwaka 1911, iliyosema kwamba haki alizozihamisha mtunzi hurudi kwa warithi wake miaka 25 baada ya kifo chake. Mwaka 2006 wakafikia suluhu na wakaanza kulipwa. Zamani sheria iliwarudishia warithi mali ya mtunzi hata pale yeye mwenyewe hakuomba. Leo, kama mkataba hausemi haki zitarudi lini, usitegemee zitarudi. Hakikisha upo mwaka unaotajwa, au tukio: kitabu kikiisha sokoni, tovuti ikifungwa, miaka miwili ikipita.

Kwa washairi kuna jambo jingine dogo linalowaumiza mara nyingi. Mashindano na majarida mengi hutaka kazi ambayo haijawahi kuchapishwa popote, na baadhi huhesabu mitandao ya kijamii kuwa uchapishaji. Mshairi aliyeweka shairi lake Facebook kupata maoni ya marafiki anaweza kukuta mlango umefungwa. Kazi unayotaka ishindane iweke kwanza kwenye daftari.

Katika miaka ya karibuni vimeingia vipengele vya akili mnemba. Baadhi ya masharti sasa yanasema kazi itakayotumwa inaweza kutumika kufundishia mifumo ya kompyuta. Lugha yetu haina maandishi mengi kwenye intaneti yakilinganishwa na Kiingereza, kwa hiyo kila hadithi na kila utenzi wa Kiswahili una thamani kwa wanaotengeneza mifumo hiyo. Wapo waandishi watakaotoa kazi zao kwa kusudi hilo kwa moyo mkunjufu, na wapo watakaokataa, na wote wana haki. Ninachokipinga ni ruhusa hiyo kufichwa ndani ya shindano la hadithi, isiulizwe peke yake. Shairi limetumwa lisomwe. Kama linatakiwa kwa kazi nyingine, mtunzi aulizwe kwa swali lake na ajibu kwa tiki yake.

Kwa waandishi vijana nina maombi machache. Ukikutana na kifungu usichokielewa, usione haya kuuliza. Ofisi za hakimiliki zipo: COSOTA kwa Bara, COSOZA kwa Zanzibar, KECOBO kwa Kenya. Chukua picha ya ukurasa wa masharti siku unayotuma, maana tovuti hubadilisha maneno yake na wewe utabaki huna cha kuonyesha. Na andika ile barua pepe. Waandaaji wengi ni watu wanaopenda fasihi kama wewe, waliochukua fomu ya mtu mwingine bila kuipima.

Kwenu waandaaji nina ombi zito zaidi. Mnapoalika hadithi kwa Kiswahili, mashairi kwa Kiswahili, tamthilia kwa Kiswahili, andikeni masharti yake kwa Kiswahili, na kipengele cha haki mkiweke juu kabisa, karibu na zawadi, kwa herufi za ukubwa ule ule. Semeni mnachukua nini, kwa muda gani, na aliyeshindwa anarudishiwa nini. Mnaomba kazi ya lugha hii. Mwandishi wake ana haki ya kujua kwa lugha hiyo hiyo anachokubali.